Hatukukaa

Mlinzi alisema walikaa. Mhadhiri alisema hawakukaa. Katibu naye alisema hawakukaa. Inspekta wa kike ambaye kituo kizima kilimwita Nukta, kwa sababu hakujua kuliacha jambo njiani, aliyapitia maelezo ya watu hao watatu kwa mara nyingine, akavivua viatu chini ya meza na kuhisi kichwa kinaanza kumgonga.

Jambo lenyewe lilionekana jepesi. Juzi alasiri, kwenye jengo la chama cha wafamasia, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya chama hicho alikutwa chini ya ngazi za mbele, damu ikimtoka sikioni. Tangu hapo hakufumbua macho. Alikuwa mama wa makamo mwenye duka la dawa karibu na stendi, na hakuna aliyemwita jina lake, wote walimwita Mama Dozi. Mteja wake hakuruhusiwa kuondoka dukani mpaka arudie kwa mdomo wake mwenyewe vidonge vingapi na baada ya saa ngapi. Uenyekiti wa kamati ulikuwa wa kujitolea. Haukumpa mshahara wala gari, ulimpa lawama tu na simu za watu waliokuwa na hasira.

Aliyeshikwa ni mlinzi wa jengo. Mchana ule ule alitakiwa kupelekwa mahakamani, na sajini aliyeandaa kesi alikuwa ameshaipiga pasi sare yake. Mlinzi akishasomewa shtaka la kutaka kuua, angepelekwa mahabusu ya gereza, na huko watu wa aina yake hukaa mpaka wasahaulike. Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la nje ya kituo tangu asubuhi, na bakuli la chakula alilolifunga kwa kitambaa lilikuwa limeshapoa mapajani mwake. Nukta alipita mbele yake akajikuta anaangalia pembeni.

Akaagiza mlinzi aletwe.

"Hebu nieleze tena," alimwambia. "Nani walikuwa juu siku ile?"

"Mama Dozi, na katibu, na yule mama anayefundisha chuo. Watatu, afande. Walikaa kidogo tu, si sana."

"Wenyewe wanasema hawakukaa."

"Basi maji niliwapelekea mizimu?"

Sajini alikohoa. Nukta hakucheka. Alimtaka aendelee, na mlinzi akayarudia yale yale bila kupunguza wala kuongeza. Yule mama wa chuo alishuka kwa ngazi za nyuma akataka kutoa gari, naye akaenda kumfungulia geti la nyuma. Akiwa hapo alisikia kishindo ndani. Akakimbia, akamkuta Mama Dozi chini ya ngazi za mbele, miwani huku, simu kule. Akaviokota visije vikakanyagwa, akavitia mfukoni, akaanza kupiga kelele za kuomba msaada. Askari walipofika walivikuta vitu hivyo mfukoni mwake, na hapo ndipo alipopoteza jina lake la mlinzi akapewa la mshukiwa.

Tena kulikuwa na ule ugomvi wa asubuhi. Mlinzi aliteremsha kiti kutoka chumba cha mikutano ili apumzishe mgongo getini. Kwa bahati mbaya alichagua chenye mto wa foronya nyekundu, yaani kiti cha mwenyekiti mwenyewe. Mama Dozi alimkuta amekikalia akamsema mbele za watu. Sajini aliupenda sana ugomvi huo. Kwa hesabu zake, mtu aliyetukanwa asubuhi ana haki zote za kumsukuma mtu alasiri.

"Kama mama wa chuo hakuwepo, gari gani alilifungulia geti?" sajini aliuliza walipobaki wawili. "Mtu huyu anatunga, afande. Wasomi wawili, hawakukutana, mmoja nilimpigia simu asubuhi na mwingine jioni, wote wakanipa neno moja. Hatukukaa."

Hilo neno moja ndilo lililomsumbua Nukta. Wangesema hawakwenda, au hawakuwepo, au walikuwa makwao wanafua, angeelewa. Lakini wote wawili walitamka neno lile lile, kama watu waliokubaliana. Alianza kufikiri kwamba wamepanga. Kisha akajiuliza kwa nini wafamasia wawili, wajumbe wa kamati wenye heshima zao, wapange uongo juu ya kikao ambacho mtu yeyote angeweza kukichunguza, akakosa jibu. Akavaa viatu, akamwambia sajini ampeleke kwenye hilo jengo.

Chumba cha mikutano kilikuwa ghorofa ya juu, meza moja ndefu na picha za wenyeviti waliopita ukutani, wote wamenuna. Viti vitatu vilikuwa vimevutwa nyuma, kikiwemo chenye foronya nyekundu ambacho inaonekana kilirudishwa kwa adabu zote. Mbele ya kila kimoja palikuwa na chupa ya maji. Chupa moja ilikuwa imefunguliwa.

"Umeona?" alimwambia sajini. "Watatu."

Sajini alikuwa na jibu. Chupa na viti huandaliwa mapema, hata watu wasipokuja. Na chupa iliyofunguliwa, alisema, mlinzi mwenyewe angeweza kuinywa, si ndiye aliyebaki peke yake? Kisha akaonyesha kiboksi cha mbao mbele ya kiti cha mwenyekiti. Ndani yake mlikuwa na nyundo ndogo ambayo mwenyekiti huigonga mezani kufungua kikao. Ilikuwa imelala kwenye kitambaa chake, imefungiwa.

"Hakuna kikao kilichofunguliwa hapa," sajini alisema, na uso wake ukang'aa.

Nukta aliitazama nyundo kwa muda. Viti vilisema watu walikuwepo, nyundo ikasema hapana. Alizunguka meza, akainama chini yake, akainuka na vumbi magotini na hakuna alichopata. Alitoka kwenye korido, akateremka ngazi za mbele polepole akishika ukuta, kwa sababu upande mmoja reli ya kushikilia ilikuwa imeng'oka. Palipoanguka Mama Dozi palikuwa pameshapigwa deki. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alisema waziwazi, kwa sauti, kwamba haelewi kitu, na sajini, ambaye alielewa kila kitu, alimwonea huruma.

Wakaenda chuoni.

Mhadhiri alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kufundishia ukumbi mzima hata anapoongea na mtu mmoja. Viti vyote vya ofisi yake vilikuwa vimejaa kazi za wanafunzi, hivyo walisimama wote watatu. Nukta aliuliza alichokuja kuuliza. Je, juzi alasiri kamati ilikaa?

"Hatukukaa. Nilishamwambia huyu bwana kwenye simu."

Aliulizwa kama ana uhakika. Alisema anao. Aliulizwa kama yuko tayari kuapa. Alisema yuko tayari kuapa hata sasa hivi, kwamba kikao hakikukaa, na kwamba anasikitika, kwa sababu shauri lenyewe lilikuwa zito na lilikuwa limeahirishwa mno. Mfamasia mmoja, mwanachama, aliliacha duka mikononi mwa mtu asiyesomea kazi. Mtoto akapewa dozi ya mtu mzima, na leo sikio moja halisikii. Mama wa mtoto alileta malalamiko, na kila kamati ikiitwa watu hawafiki. Mmoja yuko safarini, mwingine amejifungua, mwingine ana zamu. Mama Dozi ndiye aliyekuwa akiwapigia simu mmoja mmoja kuwabembeleza, akifunga duka lake mwenyewe ili aje kungojea wasiokuja. Kila mtu hupenda kuitwa mjumbe wa kamati, mhadhiri alisema, ila siku ya kikao kila mtu ana mgonjwa.

Nukta aliona hapa hakuna kitu. Akafunga kalamu, na kwa mazoea tu akauliza habari za ajali alizipata akiwa wapi.

"Nyumbani. Nilishtuka, nakwambia, maana ndiyo kwanza nilikuwa nimeachana naye."

"Mliachana wapi?"

"Pale chumbani."

"Chumba kipi?"

"Cha mikutano."

Sajini alimwangalia Nukta. Nukta akaifungua kalamu tena.

"Mama, umesema sasa hivi hamkukaa."

"Hatukukaa," mhadhiri alisema taratibu, kama anayemwelekeza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Tulikuwepo. Kuwepo si kukaa."

Akawafafanulia, na alishangaa kwamba kuna watu wazima wanaohitaji kufafanuliwa. Kamati ina wajumbe watano, na ili kikao kiwe halali lazima wafike watatu. Hiyo ndiyo akidi. Ikitimia, mwenyekiti anagonga nyundo, na hapo ndipo kamati inakuwa imekaa. Isipotimia, hata mkishinda humo mchana kutwa mnakunywa maji na kupiga soga, hamkukaa. Juzi walifika watatu barabara, lakini kabla Mama Dozi hajafungua kiboksi, mmoja akainuka akatoka. Wakabaki wawili. Basi hapakuwa na kikao.

"Kwa nini hukumwambia sajini kwamba ulikuwepo?"

"Aliniuliza kama tulikaa."

Nukta alitamani kucheka na alitamani kulia, akashindwa kuchagua. Aligeuka kumtazama sajini. Sajini alikuwa anatazama dirisha, akilisoma kwa makini ingawa halikuandikwa kitu. Swali lilikuwa lake, na lilikuwa swali zuri la Kiswahili ambalo mtu yeyote mtaani angelielewa. Ubaya wake, aliwauliza watu wa kamati.

Sasa Nukta aliuliza kwa maneno mengine, moja moja, kama mtu anayevuka matope. Ulitoka kwa njia gani? Ngazi za nyuma, kwenye gari. Nani alikufungulia geti? Mlinzi. Ilikuwaje? Mhadhiri alikunja uso. Ilikuwa vibaya, alisema, maana yule mtu alifungua nusu, kisha akageuka ghafla akakimbilia ndani, akamwachia geti linapepesuka. Alishuka mwenyewe kulisukuma, akaondoka amekasirika, na alikusudia kumsemea kwa Mama Dozi.

"Na aliyetoka kikaoni?"

"Hakukuwa na kikao."

"Aliyetoka chumbani, mama."

Hapo mhadhiri alisita. Kwao, alisema, haitajwi nani amevunja akidi. Inaandikwa tu kwamba akidi haikutimia. Ni ustaarabu, kwa sababu watu wanajitolea, hawalipwi, na ukianza kuwatia aibu hawatakuja tena.

"Mlinzi anapelekwa mahakamani mchana huu," Nukta alimwambia. "Kwa kosa la kutaka kumuua Mama Dozi."

"Mlinzi yupi? Mimi niliambiwa wameshika mwizi."

"Huyo aliyekufungulia geti."

Mhadhiri alitafuta pa kukaa, akakalia kazi za wanafunzi wake. Sauti ya ukumbini ilikuwa imemtoka. Alisema ni katibu. Alisimama, akasema ana udhuru, akatoka. Mama Dozi akaweka chupa yake ya maji mezani akasema, ngoja nimrudishe, nisubiri hapo hapo, akamfuata koridoni. Yeye alisubiri kidogo, akawasikia wanabishana chinichini, akaona aibu kusikiliza mambo ya wakubwa wenzake. Akabeba mkoba akapita nyuma.

Wakaingia garini kumfuata katibu. Walipokaribia hospitali ndipo sajini alipouliza, kwa sauti ndogo, kama apige simu kituoni wamsubirishe mlinzi. Nukta alimwambia apige. Sajini akapiga, akasikiliza, akashusha simu. Gari la mahakama lilikuwa limeshaondoka, na mlinzi alikuwa ndani yake. Mkewe alipewa ruhusa ya kumpa bakuli, lakini gari likawahi.

Nukta bado hakujisikia kama mtu aliyefumbua kitu. Alikuwa na watu watatu waliosema kweli, na kweli zao tatu zilikuwa zimemfunga mtu asiye na kosa. Hakujua amkasirikie nani.

Katibu alikuwa mfamasia wa hospitali ile ile alikolazwa Mama Dozi. Wauguzi waliwaambia hivyo kwa sifa. Tangu mama alipoletwa, walisema, katibu hamwachii mtu mwingine dawa zake. Anazipima mwenyewe, anazileta wodini mwenyewe, anasimama mguuni mwa kitanda kitambo kisha anaondoka. Nukta aliposikia hayo aliongeza mwendo mpaka sajini akawa anamkimbilia nyuma.

Walimkuta kwenye chumba cha dawa, mwanamume nadhifu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, trei mkononi. Hakuwa anaficha chochote. Kila chupa ilikuwa na lebo, na muuguzi mkuu alikuwa pembeni akihakiki pamoja naye, kama ilivyo desturi. Nukta akapumua, na kwa mara nyingine akawa hajui anamtazama mtu wa namna gani. Alimwomba muuguzi aichukue ile trei na awaache.

Safari hii hakuuliza habari za kukaa.

"Ulimwacha wapi Mama Dozi?"

"Mwenyekiti aliachwa ngazini," katibu alisema.

Hakukana hata kidogo. Alijibu kana kwamba alikuwa amelingoja swali hilo tangu juzi na hakuna aliyejisumbua kulileta. Nukta alimtaka aeleze, naye akaeleza, mikono nyuma, macho kwenye rafu za dawa. Kikao kiliitishwa. Shauri lililokuwa mezani lilimhusu mfamasia ambaye ni shemeji yake, ndugu wa mkewe, jambo ambalo halikuwa limefahamika kwa wajumbe. Taratibu zilimtaka atangaze undugu huo ajitoe, lakini angejitoa akidi ingevunjika, na angebaki angetakiwa kupiga kura. Nyumbani kulikuwa kumeshasemwa mengi. Iliamuliwa kwamba atoke tu, undugu usitangazwe.

"Iliamuliwa na nani?"

Katibu alipepesa macho.

"Nili... iliamuliwa." Akaendelea. Koridoni alifuatwa na mwenyekiti. Alikumbushwa habari za mama wa mtoto na ahadi aliyopewa. Alielezwa kwamba kuna mtoto asiyesikia na watu wazima wasiotaka kusikia. Mabishano yaliendelea mpaka kwenye ngazi. Hapo mkono wa shati ulishikwa. Mkono ukavutwa. Mwenyekiti akaanguka.

"Katibu," Nukta alisema, "mkono haujivuti."

Friji ya dawa ilikuwa inanguruma. Sajini alikuwa ameacha kuandika. Nukta alimsogelea yule bwana karibu, hakumpandishia sauti, akamwambia kwamba kuna mtu yuko kwenye gari la mahakama sasa hivi, na hakimu hatamfungulia mtu kwa sentensi zisizo na mwenyewe. Alitaka jina la mtu kwenye kila kitendo. Aanze upya.

Katibu alipeleka mkono avue miwani iliyokwisha kuvuliwa, vidole vikakuta uso mtupu.

"Alinishika," alisema. "Nikavuta mkono wangu. Sikumsukuma, naapa, nilivuta tu, nilitaka kwenda. Nilimsikia akianguka."

"Kisha?"

"Nilikuwa nimeshafika chini. Mlango uko mbele yangu." Alishika ukingo wa rafu. "Nikajiambia mlinzi yupo, atamwona. Nikajiambia kikao hakikukaa, mimi sikuwepo pale, hakuna karatasi itakayosema kwamba nilikuwepo. Nikatoka. Sikugeuka."

Alilia wima, kama wanavyolia watu wasiozoea, mikono imeshindwa kujua iende wapi. Nukta alimwacha alie. Alimwonea huruma na alimchukia, vyote pamoja, na hakujaribu kuvitenganisha. Kisha akamwambia avue koti jeupe, wanakwenda mahakamani.

Walipopita mlango wa wodi katibu alisimama. Kupitia kioo alionekana Mama Dozi amefungwa bandeji, na muuguzi akimwinamia na ile trei.

"Akizinduka," katibu alisema, "naomba niwe mimi wa kumwambia. Tafadhali, afande. Asiambiwe na mtu mwingine."

Nukta alimshika kiwiko akamsogeza kuelekea kwenye ngazi.

"Yupo wa kuambiwa kwanza," alisema. "Huyo yuko macho tangu juzi. Utamwangalia usoni, utamwambia aliyosema yote yalikuwa kweli, na wewe ulijua."

Katibu alianza kuteremka, na kila baada ya hatua alishika ukuta kwa kiganja chote.